Kiti, ndege na kituo: Hesabu ya rubani inayomfaa mfanyabiashara wa Litapunga

MFANYABIASHARA wa mahindi wa Litapunga, kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, kila msimu hukabiliwa na maswali matatu. La kwanza ni soko: mzigo auuze Mpanda mjini, aupeleke bandari ya Karema kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, au aupandishe kwenye lami ya kwenda Tabora? La pili ni chombo: akodi fuso zima peke yake au achangie na wenzake? La tatu ni nafasi yake katika biashara yenyewe: awe mwenye mzigo anayebeba faida na hasara, au awe dalali anayechukua kamisheni yake na kulala usingizi?

Msomaji anaweza kushangaa akiambiwa kuwa rubani wa ndege ya abiria, pamoja na sare yake na mistari ya dhahabu mabegani, hujiuliza maswali hayo hayo. Soko yeye huliita kituo cha kazi. Chombo ni aina ya ndege. Na nafasi ni kiti: cha kushoto anachokalia kapteni, au cha kulia anachokalia rubani msaidizi.

Tumeona tuieleze hesabu hiyo wiki hii kwa sababu mbili. Kwanza, wafanyabiashara wa Nsimbo na Mpanda wanaowahi Kariakoo siku hizi hawategemei treni ya Kaliua na basi peke yake. Ndege za Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) aina ya Q400 zimekuwa zikitua katika kiwanja cha Mpanda, na anayelipa nauli ana haki ya kujua kinachomfanya rubani aje au asije. Pili, mashirika mawili ya ndege ya kanda hii yamewahi kupita kwa wawekezaji wadogo wadogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam: Kenya Airways, iliyoorodheshwa hapo mwaka 2004 baada ya kuanzia Nairobi, na Precision Air, iliyouza hisa zake kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475 kila moja. Anayenunua hisa ya shirika la ndege ananunua, pamoja na mabawa na injini, maamuzi ya marubani wake.

FOLENI NDIYO MTAJI

Katika mashirika makubwa, hasa ya Marekani, bosi hamchagui rubani kwa kumpenda. Kuna orodha moja ya ukongwe kazini, na namba ya kila mtu hutokana na siku aliyoajiriwa. Shirika likihitaji watu hutangaza nafasi: makapteni kadhaa wa ndege fulani katika kituo fulani, na marubani wasaidizi kadhaa wa ndege nyingine mahali pengine. Kila rubani hujaza ombi akipanga anavyotaka, la kwanza, la pili, la tatu. Kisha orodha husomwa kutoka juu. Namba moja anapata alichoomba, namba mbili anachagua katika kilichobaki, na wa mwisho anapewa makombo.

Wengi hufikiri mambo yanaishia hapo. Kumbe namba ile ile hurudi kazini kila mwezi. Ndani ya kila kundi la kiti, ndege na kituo, safari za mwezi hugawanywa kwa ukongwe, na vivyo hivyo siku za mapumziko na likizo za Krismasi au Idi. Kwa hiyo rubani anapoomba nafasi anauliza mambo mawili kwa pamoja: je, namba yangu itanipatia kiti hicho? Na nikishakipata, nitakuwa wa ngapi miongoni mwa wanaokikalia?

Katika kampuni ndogo za kwetu, mara nyingi meneja wa marubani ana sauti kubwa zaidi kuliko orodha, na mahitaji ya siku huweza kupindua utaratibu. Lakini hesabu ya rubani haibadiliki sana. Bado lazima apime kiti, ndege na kituo, na bado kuna waliomtangulia.

Namba hiyo ni mtaji usiohamishika. Rubani mwenye miaka 15 katika shirika moja, akihamia jingine lenye utaratibu huu, huanza mkiani pamoja na vijana. Na shirika likifa, foleni hufa nalo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liliposambaratika mwaka 1977, Kenya na Tanzania kila moja ilianza na shirika lake, na watumishi wa lile la zamani ilibidi wajipange upya. Anayejua kilichowapata wanachama pale chama cha ushirika kinapofilisika hahitaji maelezo zaidi.

KITI: UKUBWA AU UTULIVU

Kwa macho ya nje, kila rubani msaidizi angekimbilia kiti cha kapteni siku ya kwanza. Mshahara ni mkubwa zaidi, heshima ipo, na saa anazoruka akiwa mkuu wa ndege zina thamani ya pekee katika kitabu chake. Saa hizo ndizo mashirika mengine huziulizia kwanza yanapotafuta kapteni. Hata leseni ya juu kabisa ya urubani wa abiria hudai saa zisizopungua 1,500 za kuruka, na baadhi yake lazima awe alikuwa ndiye mwenye amri.

Hata hivyo, wapo wanaoiona nafasi hiyo na kuiacha ipite kwa makusudi. Rubani msaidizi mkongwe, aliye juu katika kundi lake, huchagua safari zake, hulala nyumbani siku anazotaka na huijua likizo yake mapema. Akihamia kiti cha kushoto anakuwa kapteni wa mwisho. Anawekwa zamu ya akiba, yaani anakaa simu mkononi akisubiri mwenzake augue. Sikukuu zote ni zake. Safari wanazozikwepa wakubwa ni zake pia.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme kupanda cheo kunamwongezea rubani shilingi milioni 2 kwa mwezi. Kiti kipya kiko katika kituo kingine, hivyo anapanga chumba cha shilingi 500,000. Nauli za kwenda na kurudi kuona familia ni shilingi 600,000. Chakula cha nje na gharama ndogo ndogo ni shilingi 300,000. Nyongeza iliyobaki ni shilingi 600,000, kabla ya kodi ya mapato. Kwa fedha hizo amebadilisha siku zake zote za uhakika na siku za kuitwa ghafla. Yupo atakayesema inalipa kwa sababu baada ya miaka mitatu atakuwa amepanda ndani ya kundi. Yupo atakayesema mtoto wake wa darasa la saba hamngojei miaka mitatu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ilimradi wamepiga hesabu hadi mstari wa mwisho.

Wenye maduka wanaifahamu hali hii. Mtu aliyekuwa muuzaji mkuu katika duka la mwenzake, analala saa tatu usiku, anafungua lake mwenyewe na kugundua kuwa jina kubanduka kwenye daftari la mshahara na kubandikwa kwenye kibao cha duka kuna bei yake.

NDEGE: ALIYE JUU MNGOJE CHINI

Ngazi ya ndege inaonekana vizuri hapa hapa Katavi. Chini kabisa kuna Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria wasiozidi 13 hivi, ya aina inayoshusha watalii katika kiwanja cha vumbi cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Juu yake kuna Q400 ya ATCL yenye viti 76. Kisha Airbus A220-300 yenye viti 132, Boeing 737 MAX 9 yenye viti 181, na kileleni Boeing 787-8 yenye viti 262.

Kijana wa Caravan ndiye mkuu wa ndege yake tangu mapema. Hutua mara nyingi kwa siku, hujifunza upepo, mvua na mchanga. Akihamia Q400 huwa msaidizi, lakini anapata uzoefu wa injini mbili na wa kufanya kazi na mwenzake katika chumba cha marubani. Je, ni heri kuwa mkubwa kwenye chombo kidogo au mdogo kwenye chombo kikubwa? Hakuna jibu moja. Linategemea foleni ya kule aendako inasonga kwa kasi gani. Shirika linaloongeza ndege humfikisha mtu kwenye ukapteni upesi. Shirika lililosimama humwacha kiti cha kulia mpaka mvi zimtoke, maana aliye mbele yake hatoki. Kwa kanuni za kimataifa, rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili anaweza kuruka hadi umri wa miaka 65.

Ndege kubwa nayo ina hatari zake. Safari ni ndefu na chache, hivyo mtu anaweza kutua mara chache mno kwa mwezi, wakati kanuni humtaka awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ndipo abebe abiria. Usiku na mchana vinabadilishana mwilini mwake. Zaidi ya yote, ndege kubwa ndiyo ya kwanza kuondolewa shirika linapobanwa.

Mfano wa kukumbukwa upo Nairobi. Kenya Airways ilianza kupokea Boeing 777-300ER mwishoni mwa mwaka 2013, na ndege hiyo ndiyo ikawa kilele cha ngazi yake. Shirika likapata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Mwaka 2016 ndege hizo zilikuwa zimekodishwa kwa Turkish Airlines, na baadhi ya Boeing 787 zikaenda Oman Air. Rubani aliyejaza ombi la ndege kubwa kuliko zote akitegemea kustaafu nayo, kilele chake kilidumu takriban miaka mitatu tu.

Hata ndege ambayo shirika haliiuzi inaweza kusimama. Boeing 737 MAX zilizuiwa duniani kote Machi 2019, baada ya ajali ya Ethiopian Airlines ya Machi 10 iliyoua watu 157 na ile ya Lion Air ya Oktoba 2018, na hazikuanza kuruhusiwa tena hadi mwishoni mwa mwaka 2020. Hapa nyumbani, A220 za ATCL zilipata matatizo ya injini kuanzia mwaka 2022, tatizo lililowakumba wenye ndege hizo katika nchi nyingi. Ndege ikiwa chini, rubani wake hawezi kuhamia Q400 kesho yake asubuhi. Kila aina inataka mafunzo yake na mtihani wake kwenye mashine ya kuigiza urukaji, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi, kwa mfano Addis Ababa. Ni sawa na mkulima aliyeweka shamba zima tumbaku mwaka ambao mnunuzi hakuja.

KITUO: PALE HESABU INAPOGHARIMU MAISHA

Kati ya maswali matatu, kituo ndicho kinachodharauliwa zaidi, na ndicho kilichogharimu zaidi. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air aina ya Q400, ndugu wa hizi zinazotua Mpanda, ilianguka karibu na mji wa Buffalo nchini Marekani. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa.

Uchunguzi ulieleza kuwa chanzo kilikuwa kapteni kuchukua hatua isiyofaa pale ndege ilipomtahadharisha kuwa mwendo umepungua mno. Lakini wachunguzi walifuatilia pia marubani hao walitoka wapi. Kituo chao kilikuwa Newark, karibu na New York. Kapteni aliishi Florida. Rubani msaidizi aliishi upande wa Seattle, ng'ambo ya pili ya Marekani, na usiku wa kuamkia safari hiyo alisafiri kwa ndege za mizigo kupitia Memphis ili awahi kazini. Hakuna aliyekuwa na chumba Newark. Wachunguzi walisema uchovu huenda ulipunguza uwezo wao, ingawa hawakuweza kupima kwa kiasi gani.

Mshahara wa rubani msaidizi katika kampuni ndogo kama hiyo wakati ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba kupanga nyumba karibu na New York ilikuwa ndoto. Kituo kilichoonekana kwenye fomu kama jina la mji tu kiligeuka kuwa usiku usio na kitanda. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010. Kuanzia mwaka 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria akatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500, na kuanzia Januari 2014 muda wa mapumziko kabla ya kazi ukawa saa 10, zikiwemo saa 8 za nafasi ya kulala bila kusumbuliwa.

Kwa abiria wa Mpanda jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Kitovu cha ATCL ni Dar es Salaam, na marubani wa akiba hukaa kilipo kitovu. Rubani akichelewa njiani kwa mvua mpaka saa zake za kazi zikaisha, sheria haimruhusu kuendelea hata kama abiria 70 wamesimama na mabegi. Mbadala wake hatoki Mpanda. Ndiyo maana viwanja vya mwisho wa njia huumia zaidi safari zinapovurugika. Mwenye miadi ya fedha Kariakoo asiweke safari yake siku ile ile ya miadi. Na rubani anayesema saa zake zimeisha asitukanwe, kwa maana anawalinda hao hao wanaomlaumu.

MWEKEZAJI NAYE ANA NAMBA

Sasa turudi kwa mwenye akiba ndogo anayefikiria kununua hisa. Naye yumo kwenye foleni, ila wengi hawaulizi namba yao. Shirika likiwa na fedha, mafuta, mishahara, wenye ndege za kukodi na mabenki hulipwa kwanza. Mwenye hisa husubiri mwisho. Siku za faida haoni tofauti. Siku za hasara ndipo huona kuwa alikuwa namba ya mwisho muda wote.

Kenya Airways ilipopanga upya madeni yake mwaka 2017, serikali ya Kenya ilibaki na asilimia 48.9 ya hisa, na mabenki yaliyokuwa yakidai yakapata asilimia 38.1 kupitia kampuni yao ya pamoja. Wanahisa wa kawaida waliokuwa wamenunua kwa fedha zao wakajikuta na kisehemu kidogo sana cha shirika. Julai 2020 hisa hizo zikasimamishwa kuuzwa Nairobi, na hazikurudi sokoni mpaka Januari 2025. Hata aliyetaka kuuza kwa hasara alipe ada ya shule hakuwa na pa kuuzia.

Kabla ya kutoa fedha, basi, mwekezaji ajiulize maswali ya rubani. Kuhusu ndege: shirika lina aina ngapi? Southwest ya Marekani ilikua kwa kutumia familia moja tu ya Boeing 737, hivyo rubani wake yeyote anaweza kuziba pengo la mwingine. Precision Air ilijikita katika ATR. Shirika lenye aina nne au tano na ndege chache za kila aina hulazimika kuweka marubani wa akiba kwa kila aina, nao hulipwa hata wakiwa wamekaa. Kuhusu kituo: marubani wanaishi wanakofanyia kazi, au wanakuja na usingizi machoni? Kuhusu kiti: vijana wanapanda, au wanaondoka kwenda Ghuba kila wakishakomaa, shirika likibaki na gharama ya kuwafundisha wengine? Mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022 ulisimamisha safari kwa siku kadhaa na kukwamisha maelfu ya abiria. Manung'uniko yaliyouzaa yalikuwa yakisikika muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Na la mwisho ni lile la foleni: nani atalipwa kabla yangu, na kwa kiasi gani?

Mfanyabiashara wa Litapunga anaweza kulijaribu swali hilo bila kwenda Dar es Salaam. Akialikwa kuchangia fuso la mahindi ya Karema, asiishie kuuliza bei ya gunia ng'ambo ya ziwa. Aulize mwenye gari analipwa lini, dalali anakata nini, mkopeshaji anachukua chake saa ngapi, na yeye atahesabiwa wa ngapi mzigo ukishashuka. Akijibiwa kuwa ni wa mwisho si lazima akatae, kwa kuwa wa mwisho ndiye mwenye faida kubwa mwaka ukiwa mzuri. Ila aingie akijua, na aweke kiasi ambacho kikipotea watoto bado watakula.